‘Foo wili’ husaidia kupanda, si kusimama: Somo la barabara za Kyela

Na Mwandishi Wetu, Kyela

THELUJI haianguki Kyela. Wilaya hii ya mkoani Mbeya, iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni ya joto na unyevu, na mkazi wake akitaka kuiona theluji bila kuvuka mpaka wa nchi hana budi kwenda mkoani Kilimanjaro na kuinua macho.

Hata hivyo, dereva anayeacha lami ya Tukuyu mwezi Aprili na kuteremka kwa njia ya udongo kuelekea tambarare ya Kyela anakabiliwa na tatizo lile lile linalomkabili dereva wa Sapporo nchini Japani au Minneapolis nchini Marekani katika majira ya baridi. Barabara imekataa kushika tairi.

Mara nyingi hata magari yao hufanana. Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Honda CR-V na Subaru Forester, ambayo leo yamejaa katika miji yetu, yalibuniwa na kampuni za nchi ambayo sehemu yake kubwa hufunikwa na theluji kila mwaka. Mengi yametumika huko kabla ya kupakiwa melini kuja Dar es Salaam.

Wengi huyanunua kwa imani moja: kwamba gari linalovutwa na magurudumu yote manne, yaani ‘foo wili’ kama linavyoitwa mitaani, haliwezi kuteleza. Imani hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayopeleka magari mtaroni, na wakati mwingine abiria kaburini.

Mvua inayozidi ya pwani

Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Sehemu zake kadhaa hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati wastani wa Dar es Salaam ni kiasi cha milimita 1,100. Mvua huanza Novemba na huendelea hadi Mei, ikizidi makali mwezi Machi na Aprili.

Sababu ni umbo la nchi. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani, ambalo uso wake uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, hukutana na Milima ya Livingstone upande wa mashariki na Mlima Rungwe, wenye karibu mita 3,000, upande wa kaskazini. Hewa hiyo hulazimika kupanda, hupoa, na hudondosha maji.

Maji hayo hurudi bondeni kwa kupitia mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Tambarare ya mpunga na kakao inapojaa, mito hiyo hufurika, na barabara za vijijini hugeuka tope au hutoweka chini ya maji.

Barabara kuu ya kutoka Uyole, Mbeya, kupitia Tukuyu hadi mpakani Kasumulu ina lami, na lami imefika pia Matema kwa kupitia Ipinda. Lakini lami yenye maji, kona na ukungu si lami ya kujivunia. Kati ya Tukuyu na tambarare, barabara hushuka takriban mita 1,000 katika mwendo usiozidi kilomita 50 au 60.

Pembeni mwa lami ndiko hasa kwenye mtihani. Njia za kuingia vijijini, pamoja na ile ya zamani ya kutoka Tukuyu kupitia Masoko hadi Ipinda, ni za udongo. Asiyekuwa mwenyeji huzifahamu siku ya msiba, pale anapolazimika kufika kabla ya maziko akiwa ametoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, akiwa amechoka na gari limejaa ndugu.

Magurudumu manne hufanya kazi gani?

Katika magari mengi ya aina hii, injini huendesha magurudumu ya mbele peke yake gari likiwa kwenye barabara kavu. Shafti ya propela inayokwenda nyuma huzunguka, lakini kati yake na difu ya nyuma kuna kifaa mfano wa klachi ambacho huwa kimelegea.

Magurudumu ya mbele yanapoanza kuzunguka bure, kompyuta ya gari hung’amua tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma, na klachi ile hubanwa. Nguvu huenda nyuma, kwa kawaida mpaka nusu ya nguvu yote. Hayo hutendeka kwa kufumba na kufumbua, lakini hutendeka baada ya tairi kuanza kuteleza.

Njia za kufanikisha hilo hutofautiana. Honda CR-V, iliyoanza kuuzwa mwaka 1995, ilitumia pampu mbili za mafuta zilizobana klachi pale mbele na nyuma zilipozunguka kwa kasi tofauti. X-Trail ya kwanza, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, humpa dereva uamuzi wa kuchagua mvuto wa mbele tu, wa kujiendesha wenyewe, au wa kufungwa pamoja. RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2005, hutumia klachi ya sumaku ya umeme, na ina kitufe cha LOCK ambacho hujiachia mwendo unapofika kilomita 40 kwa saa. Subaru Forester hupeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote.

Magari hayo yasichanganywe na Land Cruiser au Hilux zenye gia nzito ya ziada kwa ajili ya kutambaa milimani. Mengi ya magari haya ya familia hayana gia hiyo. Klachi yao ya nyuma ni ndogo, na ikilazimishwa kwa muda mrefu katika tope hupata joto. Joto likizidi, gari hukata mvuto wa nyuma ili kujilinda, taa huwaka kwenye dashibodi, na ‘foo wili’ hurudi kuwa gari la magurudumu mawili katikati ya dimbwi.

Hesabu ya kupanda

Faida ya magurudumu manne ni ya kweli, na huonekana katika kupanda. Tuchukue gari la kilo 1,500 kwenye mwinuko unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, juu ya udongo ulioloa ambao tairi linaweza kuushika kwa sehemu moja tu ya tano ya uzito uliolikalia.

Mwinuko wenyewe hudai nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150. Tope linalozuia magurudumu tuliwekee kilo 75. Jumla ni kilo 225.

Gari la mvuto wa mbele, lenye asilimia 60 ya uzito wake mbele, lina kilo 900 juu ya matairi yanayovuta. Sehemu ya tano yake ni kilo 180. Halitoshi, na litakwama. Gari la magurudumu manne lina kilo zote 1,500 juu ya matairi yanayovuta, na sehemu ya tano yake ni kilo 300. Litapanda, tena kwa akiba.

Ndiyo maana dereva wa ‘foo wili’ hulipenda gari lake, na ana haki. Shida ni kwamba kila kilima kina upande wa pili.

Hesabu ya kushuka

Kila gari, liwe la milioni 10 au la milioni 200, lina breki katika magurudumu yote manne. Kwa hiyo katika kusimama, ‘foo wili’ haina cha ziada. Kinachosimamisha gari ni mshiko wa matairi manne juu ya ardhi, na mshiko huo hauongezeki kwa kuwa injini inavuta nyuma.

Kwenye lami kavu, gari lenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa huhitaji takriban mita 9 kusimama tangu breki zinaposhika. Kwenye lami iliyoloa huhitaji kiasi cha mita 16. Kwenye tope telezi la tambarare huhitaji zaidi ya mita 30.

Sasa liweke gari hilo hilo kwenye tope hilo hilo, lakini katika mteremko wa mita 10 kwa kila 100. Nusu ya mshiko uliokuwapo huliwa na mteremko wenyewe. Umbali wa kusimama hupanda na kufika takriban mita 63. Hapo bado hatujahesabu sekunde moja ambayo dereva huitumia kuona hatari na kuinua mguu, ambayo peke yake ni mita 11 nyingine.

Mita 63 ndio umbali ambao gari huhitaji kusimama, kwa mwendo huo, juu ya barafu tambarare. Kwa maneno mengine, dereva anayeshuka kilima cha udongo mwezi Aprili yuko juu ya barafu, ila ni barafu nyekundu isiyomtisha kwa kuwa ameizoea.

Hapa ndipo hatari ya ‘foo wili’ inapojificha. Gari la kawaida humwonya dereva mapema: huzunguka bure kwenye mwinuko, na dereva hujua kwamba njia ni mbaya. Gari la magurudumu manne hupanda kimya kimya, humpa dereva kasi na matumaini, kisha humkabidhi kwa mteremko akiwa na breki zile zile za gari lililokwama nyuma yake.

Tairi lina mfuko mmoja

Kona nazo hufuata kanuni hiyo. Mshiko wa tairi ni kama mfuko mmoja wa fedha. Kuvuta, kusimama na kukata kona hulipwa kutoka mfuko huo huo. Anayetumia wote kwa breki habakiwi na kitu cha kukatia kona, na gari huendelea kwenda mbele ingawa usukani umegeuzwa.

Breki za ABS husaidia kwa kuzuia magurudumu yasifungwe, hivyo dereva hubaki na uwezo wa kuongoza. Lakini haziumbi mshiko ambao haupo. Juu ya changarawe au tope laini, gari lenye ABS laweza hata kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama, kwa sababu gurudumu lililofungwa hulimbikiza udongo mbele yake na lile linaloendelea kuzunguka halifanyi hivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya safari ya Kyela halihusu idadi ya magurudumu yanayovuta. Linahusu matairi.

Matairi ya theluji yaliyopotea njia

Hapa ndipo theluji inapoingia Kyela kwa mlango wa nyuma. Baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani hufika yakiwa na matairi ya majira ya baridi, na mengine ya aina hiyo huuzwa kama mitumba. Ubavuni huwa na neno STUDLESS au SNOW, na mengine yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Mnunuzi huona meno yenye mikato mingi midogo na kudhani amepata tairi la porini. Sivyo. Mpira wake umetengenezwa uwe laini katika baridi, na kwa kawaida hushauriwa kutumika joto likiwa chini ya nyuzi 7. Katika joto la Kyela linalopita nyuzi 30, mpira huo hulegea, huisha haraka, na hushika vibaya lami iliyoloa. Mikato ile midogo nayo hujaa udongo mara moja.

Umri ni jambo jingine. Katika herufi zinazoanza na DOT ubavuni mwa tairi, tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani hukauka na kuwa mgumu hata kama meno bado ni marefu.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha meno cha milimita 8 hivi. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha chini cha milimita 1.6, lakini uwezo wa kusukuma maji pembeni hupungua mapema kabla ya hapo. Tairi lililo kipara likikutana na maji yaliyotuama juu ya lami huelea, na gari linaloelea halina breki wala usukani.

Wenye ‘foo wili’ wana tahadhari ya ziada. Matairi yote manne yanapaswa kuwa ya ukubwa mmoja na kuchakaa kwa kukaribiana. Ukiweka mawili mapya na mawili kipara, mzunguko wa mbele na wa nyuma hutofautiana hata kwenye barabara nzuri, klachi hufanya kazi bila kupumzika, na mwisho huungua. Vivyo hivyo, gari la aina hii lisivutwe huku magurudumu mawili tu yakiwa yameinuliwa. Libebwe lote, au ufuatwe mwongozo wa watengenezaji.

Aidha, mnunuzi wa gari kutoka maeneo ya theluji akague chini ya gari. Barabara za huko humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma cha chesisi, mabomba ya breki na mikono ya magurudumu.

Maji yanayotembea hayana adabu

Mafuriko ni mtihani ambao ‘foo wili’ hufeli kabisa. Gari la aina hii huinuka karibu sentimita 20 kutoka ardhini. Sakafu yake ina eneo la takriban mita za mraba 7. Kila sentimita 10 za maji yanayopanda juu ya sakafu, kabla hayajaingia ndani, huliinua gari kwa nguvu ya kilo 700 hivi.

Kwa hiyo maji yakifika sentimita 40, yaani chini kidogo ya goti la mtu mzima, gari la kilo 1,500 linakaribia kuelea. Magurudumu manne yanayovuta hayana tena ardhi ya kuvutia, na mkondo hulichukua.

Kanuni ni fupi: kama maji yanatembea na huoni ardhi, usiingie. Daraja au kalvati laweza kuwa limeshaondoka chini ya maji hayo. Kusubiri saa tatu ukingoni mwa mto kumewahi kuokoa wengi. Kuwahi maziko ya mwingine si sababu ya kuandaa ya kwako.

Nini kifanyike

Kabla ya safari, dereva asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na awaulize wenyeji wa anakokwenda. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya na vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017, lakini hali ya njia ya asubuhi ya leo huijua zaidi dereva wa bodaboda aliyeipita.

Katika kupanda, bonyeza LOCK kabla ya kuingia kwenye tope, si baada ya kukwama. Tumia mwendo wa taratibu usiobadilika. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta. Kuongeza mafuta huchimba shimo na kuunguza klachi. Likikwama kabisa, teremsha abiria, chimba mbele ya magurudumu na uweke mawe au matawi.

Katika kushuka, punguza mwendo juu ya kilima kabla mteremko haujaanza. Ingiza gia nzito, hata kwa gari la gia za kujibadilisha, ili injini isaidie kulishika gari. Breki zikanyagwe polepole, na zikanyagwe gari likiwa limenyooka. Acha nafasi mara tatu au nne ya ile unayoiacha kwenye lami kavu.

Kwenye mchanga wa ufukweni Matema, kupunguza upepo wa matairi husaidia kwa kuwa tairi hutandaa na kutozama. Lakini upepo huo urudishwe kabla ya kupanda lami, kwani tairi lililolegea hupata joto na kupasuka.

Dereva wa Sapporo hubadilisha matairi kila mwaka theluji inapokaribia, hata kama gari lake ni ‘foo wili’, kwa kuwa anajua klachi ya nyuma haitamsimamisha kwenye barafu. Dereva wa Kyela hana haja ya tairi la theluji. Ana haja ya kujua jambo lile lile analolijua mwenzake.

Mwenye fedha za kuchagua kati ya gari la magurudumu manne lenye matairi yaliyochoka na gari la kawaida lenye matairi mapya manne, na ambaye njia yake kubwa ni lami ya kutoka Uyole hadi Kyela, achague matairi. Anayelazimika kuingia vijijini wakati wa mvua, anunue vyote viwili, na akifika juu ya kilima akumbuke kwamba msaada aliounua umeishia hapo.